Macho Yailinde Miguu

Ndugu mwenye ugonjwa wa sukari, usifurahi kwamba mguu wako hauumi. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mguu hausikii tena. Mtu wa Uvira aweza kukanyaga mwiba wa samaki pale ufukoni, asijue mpaka kidonda kinanuka. Maumivu hayamwonyi, basi macho yamwonye.

Fanya hivi:

1. Kila jioni osha miguu, ukaushe katikati ya vidole.
2. Tazama nyayo. Usipoona vema, mtoto akutazamie.
3. Usitembee bila viatu, hata nyumbani. Vikung'ute kabla ya kuvaa.
4. Usiote moto miguuni.

Ukiona jeraha, hata dogo, usitie majani, usingoje liume. Njoo hospitali siku ileile.