Pesa Imetoka, Oda Haionekani: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya Plagini Kwenye Duka Lako la Mtandaoni

Jumamosi jioni. Mteja aliye Buruburu amependa viatu kwenye tovuti ya dada anayeuza mitumba safi kutoka Kaloleni. Jozi ni moja tu, saizi 39, bei Sh1,800. Anaandika namba yake ya simu, ombi la M-Pesa linatokea kwenye skrini, anaweka PIN, pesa inatoka. Lakini tovuti inazunguka tu, halafu inamwambia oda bado haijalipwa. Saa moja baadaye oda inajifuta yenyewe, viatu vinarudi dukani, na mtu mwingine wa Donholm analipia jozi ile ile.

Sasa kuna wateja wawili, jozi moja, na simu inalia: "Dada, kwani umekula pesa yangu?"

Mfano huu tumeutunga, lakini kila hatua yake hutokea kwenye maduka ya kweli. Na mwenye duka hajaiba chochote. Kilichokwama ni plagini, yaani programu-jalizi: kipande cha programu unachokiongeza kwenye tovuti ili ifanye kazi ambayo haikuwa nayo. Katika somo hili tutajifunza kujua imekwama wapi, kuirekebisha bila kuvunja duka zima, na kumwandikia aliyeitengeneza ili airekebishe kwa kila mtu.

Kwanza, ielewe safari ya malipo

Maduka mengi madogo hapa kwetu yanatumia WordPress, mfumo wa kuchapisha tovuti uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Juu yake wanaweka WooCommerce, plagini ya kuuzia bidhaa iliyozaliwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2011. Juu ya hiyo tena kuna plagini ya tatu, inayounganisha duka na M-Pesa kupitia mlango wa Safaricom unaoitwa Daraja.

Mteja akibonyeza "Lipa", mambo haya hufuatana:

1. Plagini inaomba ruhusa kwa Daraja ikitumia funguo za siri za duka lako.
2. Inatuma ombi lenye namba ya simu, kiasi na anwani ya majibu.
3. Simu ya mteja inaonyesha ombi, naye anaweka PIN.
4. M-Pesa inahamisha pesa.
5. Daraja inapiga hodi kwenye anwani ya majibu ya tovuti yako na kusema, "Imelipwa" au "Haijalipwa".
6. Plagini inabadilisha hali ya oda.

Angalia hatua ya 4 na ya 5. Ni vitu viwili tofauti. Pesa inaweza kuhama vizuri kabisa, halafu ujumbe wa kuiambia tovuti ukakosa mlango. Hapo ndipo yule dada alipoumia. Pia, kama umewasha usimamizi wa stoku, WooCommerce hushikilia bidhaa kwa dakika 60 kwa kawaida, kisha inafuta oda ambayo haijalipwa. Tovuti haikujua kwamba pesa imeingia, kwa hivyo ikafuata sheria yake. Kwa muuza mashati mapya yenye saizi zote hilo ni usumbufu. Kwa muuza mitumba mwenye jozi moja, ni mteja amepotea.

Soma namba kabla ya kulaumu mtu

Ndani ya WooCommerce kuna sehemu ya hali ya mfumo yenye kumbukumbu za kila siku. Plagini nyingi za malipo huandika humo majibu yanayotoka Daraja, mradi uwe umewasha uandishi wa kumbukumbu kwenye mipangilio yake. Hizi ndizo namba utakazokutana nazo sana:

- 0: malipo yamefaulu.
- 1: salio la mteja halitoshi.
- 1032: mteja ameghairi mwenyewe.
- 1037: simu haikupatikana, au mteja hakujibu kwa wakati.
- 2001: PIN aliyoweka si sahihi.

Ukiona 1, 1032 au 2001, tovuti yako haina shida. Mwambie mteja kwa upole ajaribu tena. Ukiona 1037 mara moja moja, labda ni mtandao au simu imezima. Ukiiona kwa watu wengi siku moja, hilo ni jambo la kufuatilia.

Lakini ukikosa jibu lolote kwenye kumbukumbu, na taarifa ya till yako inaonyesha pesa imeingia, basi tatizo liko hatua ya 5. Twende huko.

Kwa nini majibu hayafiki

Kagua mambo haya kwa mpangilio, kuanzia lililo rahisi:

*Cheti cha usalama kimeisha.* Anwani ya majibu lazima ianze na https. Vyeti vingi vya bure, kama vile vya Let's Encrypt, hudumu siku 90 na vinatakiwa kujisasisha vyenyewe. Visiposasishwa, mlango unafungwa. Fungua tovuti yako kwenye simu ukaone kama kuna onyo.

*Umebadilisha jina la tovuti.* Umehama kutoka jina moja hadi jingine, lakini plagini bado inatuma anwani ya zamani. Majibu yanapelekwa kwa nyumba uliyohama.

*Muundo wa viungo umevurugika.* Baada ya kuhamisha tovuti, ingia kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu na ubonyeze hifadhi bila kubadilisha kitu. Mara nyingi hilo pekee linafufua anwani ya majibu.

*Plagini ya ulinzi inafukuza wageni.* Daraja haiji kama mtu anayetumia kivinjari. Inakuja kama seva inayotuma data, na mlinzi wako anaweza kudhani ni mwizi. Angalia orodha ya waliozuiwa, ukaone kama waliozuiwa wakati wa malipo walikuwa wakielekea kwenye anwani ya majibu.

*Plagini ya kuharakisha tovuti.* Hii huhifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka. Ni nzuri kwa picha za bidhaa, mbaya kwa ukurasa wa kulipia. Uondoe ukurasa huo na anwani ya majibu kwenye orodha yake.

Kama shida ni hatua ya 3, yaani ombi halitokei kabisa kwenye simu ya mteja, angalia namba ya simu ilivyoandikwa. Daraja inataka ianze na 254. Mteja wa kawaida ataandika 07, 01 au +254. Plagini nzuri inabadilisha zote tatu. Plagini ya zamani huenda inakubali 07 peke yake na kuwakataa wenye namba za 01. Jaribu zote.

Gawanya kwa nusu

Umekagua yote na bado? Basi huenda kuna plagini mbili zinazogombana. Usizizime moja moja. Tuseme una plagini 18. WooCommerce na ya malipo zinabaki zimewaka. Zile 16 zilizobaki, zima 8 na ujaribu kulipa. Tatizo likiisha, mkosaji yuko ndani ya 8 ulizozima. Likiendelea, yuko kwenye 8 zinazowaka. Gawanya tena: 4, 2, 1. Majaribio manne yanatosha, ikiwa mkosaji ni mmoja.

Kabla ya kuanza, fanya mambo matatu:

- Chukua bekapu ya faili na ya hifadhidata, na uhakikishe unajua kuirudisha.
- Weka bidhaa ya majaribio ya shilingi 1. Usijaribu kwa bei kamili.
- Chagua saa ambayo wateja ni wachache.

Kuna plagini inayoitwa Health Check & Troubleshooting, inayokuwezesha kuzima plagini nyingine kwako peke yako huku wateja wakiona duka la kawaida. Inafaa sana kwa shida za mwonekano, kama kitufe kisichobonyezeka. Lakini haitakusaidia kwa majibu ya malipo, na sababu ni hii: Daraja ni mgeni kutoka nje. Inakutana na tovuti kama ilivyo kwa kila mtu, pamoja na yule mlinzi uliyedhani umemzima. Kwa shida ya hatua ya 5, inabidi uzime kweli kweli.

Na ukizima kitu ukajikuta umefungiwa nje kabisa? Usiogope. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress hutuma barua pepe kwa msimamizi plagini inapoangusha tovuti, ikiwa na kiungo maalum cha kuingilia. Ukiikosa barua hiyo, ingia kwenye faili kupitia kampuni inayohifadhi tovuti yako, tafuta folda ya wp-content/plugins, kisha ubadilishe jina la folda ya plagini yenye shida. WordPress haitaipata tena, na itaizima.

Sasa mwandikie fundi

Watu wengi wakifika hapa huandika "Plagini yenu haifanyi kazi, mbaya sana!" na nyota moja. Hasira inaeleweka, lakini aliyeitengeneza hawezi kurekebisha hasira. Ripoti inayosaidia inajibu maswali haya:

- Unatumia toleo gani la WordPress, la WooCommerce, la PHP na la plagini yenyewe? Yote utayaona kwenye ukurasa wa hali ya mfumo wa WooCommerce.
- Ulifanya nini, hatua kwa hatua?
- Ulitarajia nini, na nini kilitokea?
- Kumbukumbu inasema nini, na saa ngapi?
- Umeshajaribu nini tayari?

Ficha namba za simu na majina ya wateja kwenye picha za skrini. Ni data ya watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka uilinde. Funguo zako za Daraja usimpe mtu kwenye ujumbe wowote, na PIN haihitajiki kamwe kwa kazi hii. Anayeiomba si fundi.

Pendekezo la maboresho nalo lina namna yake. Eleza shida kwanza, suluhisho baadaye, na shida moja kwa kila pendekezo. Linganisha haya mawili:

"Tafadhali boresheni malipo."

"Majibu ya Daraja yakichelewa, oda ya mteja aliyelipa inafutwa baada ya dakika 60 na bidhaa inauzwa mara mbili. Naomba plagini iiulize Daraja hali ya malipo kabla ya oda kufutwa, na iweke kitufe cha 'Kagua malipo' kwenye ukurasa wa oda."

La pili linafanyika, kwa sababu Daraja tayari ina huduma ya kuuliza hali ya ombi la malipo. Fundi akilisoma anaona kazi iliyo mbele yake. Mapendekezo mengine yanayofaa kwa wateja wetu: ujumbe wa makosa kwa Kiswahili badala ya namba tupu, na nafasi ya mteja kuandika kodi ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu 10 pale mfumo unapokwama.

Wakati unasubiri marekebisho

Ongeza muda wa kushikilia stoku kutoka dakika 60 hadi saa kadhaa. Kila jioni, linganisha taarifa ya till na oda za siku hiyo, mstari kwa mstari. Usitume mzigo kwa sababu mteja amekuonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake. Ujumbe unaweza kughushiwa, taarifa yako ya till ndiyo shahidi. Na usipakue plagini ya kulipia inayogawiwa bure kwenye tovuti usizozijua. Mara nyingi imewekwa mlango wa nyuma.

Na wewe unayenunua: pesa ikitoka na tovuti ikakataa, usilipe mara ya pili. Hifadhi ujumbe, piga picha ya skrini, kisha mtumie muuzaji kodi, kiasi na saa. Kwa hayo matatu, muuzaji mwaminifu atakupata kwenye taarifa yake kwa dakika chache.

Tukirudi kwa yule dada wa Kaloleni. Viatu ni jozi moja, haviwezi kugawanywa. Anayestahili ni aliyelipa kwanza, na till ndiyo inayosema ni nani. Wa pili anarudishiwa pesa yake yote siku hiyo hiyo, na anaelezwa ukweli: "Samahani dadangu, mfumo ulikwama, si wewe." Plagini itatengenezwa wiki ijayo. Jina lako ulitengeneze leo.

Zoezi la wiki hii: weka bidhaa ya shilingi 1, ilipie kutoka simu yako, na uhesabu sekunde kutoka unapoweka PIN hadi oda inapobadilika. Iandike mahali. Siku mambo yatakapoharibika, utajua kawaida yako ilikuwa ipi.