Kufundisha Utunzaji wa Mali ya Umma: Somo la Kibanda cha Abiria

Miongoni mwa mada zinazoonekana nyepesi katika masomo ya uraia na maadili ni utunzaji wa mali ya umma. Mwalimu huandika kichwa cha somo ubaoni, huuliza kama ni vizuri kuharibu mali ya umma, na darasa zima hujibu kwa sauti moja: "Siyo vizuri, mwalimu!" Kengele hulia, naye mwalimu huandika katika andalio lake kwamba somo limeeleweka. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo kwamba somo la namna hiyo bado halijafundishwa, na kupendekeza njia nyingine ya kulifundisha.

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha jijini Dar es Salaam, nilikaa nyuma ya Darasa la Tano nikimtazama mwanachuo akifundisha mada hiyo. Maswali yake yalikuwa mazuri, na watoto walijibu kwa bidii. Jioni ile ile niliwakuta watatu kati yao katika kituo cha daladala kilicho karibu na shule. Mmoja alikuwa akichonga jina lake kwa ncha ya bikari kwenye ubao wa benchi. Wenzake walikuwa wakining'inia kwenye chuma cha paa, ambalo lilikwisha kupoteza bati moja. Waliponiona walishuka, wakaniamkia kwa adabu. Nilimwuliza yule mwenye bikari kama amesahau aliyoyajibu asubuhi. Akatazama chini, kisha akasema: "Sijasahau, mwalimu. Lakini tuko hapa tangu saa nane, na makondakta wanatukataa."

Jibu hilo si udhuru. Hata hivyo, linatufundisha mambo mawili. Kwanza, mtoto aweza kuijua kanuni vizuri kabisa na asiihusishe na benchi alilolikalia. Pili, mtoto anayeona kwamba kituo hakimsaidii hakihesabu kuwa ni chake. Kwa kuwa mwanafunzi hulipa nauli pungufu, makondakta wengine huona afadhali kumpakia mtu mzima. Hivyo mtoto huachwa kituoni kwa saa nyingi, akiwa na uchovu, njaa na hasira. Mwalimu asiyelijua jambo hili atahubiri juu ya adabu, na wanafunzi watamwitikia tu.

MAARIFA AYAPASAYO MWALIMU

Kabla ya kufundisha, mwalimu hana budi kulijua jambo lenyewe. Usafiri wa umma wa Dar es Salaam umepitia hatua kadhaa. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, lililojulikana zaidi kwa jina la UDA, lilianzishwa mwaka 1974. Mabasi yake yalipokuwa hayatoshi, watu binafsi waliruhusiwa kuendesha mabasi ya abiria mwaka 1983, na hayo ndiyo yaliyoitwa daladala. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi katika njia ya Kimara hadi Kivukoni. Vituo vya mabasi hayo vilijengwa vikiwa na milango ya kupitia na watu wa kukata tiketi. Kibanda cha daladala, kwa upande wake, husimama peke yake kando ya barabara, hakina mlango wala mlinzi. Ulinzi wake ni macho ya wale wanaokitumia.

Yafaa pia mwalimu atofautishe uharibifu na uchakavu. Hewa ya chumvi itokayo baharini hula chuma; gari lililopoteza mwelekeo huweza kugonga nguzo; tena kibanda kisichopakwa rangi kwa miaka mingi huoza chenyewe. Hayo si makosa ya vijana. Kwa upande mwingine, wako wanaong'oa mabati na vyuma ili wakauze kama chuma chakavu, wanaobandika matangazo hadi jina la kituo lisisomeke, wanaochora na kuchonga kwa mchezo, na wanaovunja kwa hasira. Kila sababu ina dawa yake. Mwizi wa chuma ni wa kushughulikiwa na sheria. Mtoto mwenye bikari ni wetu sisi walimu.

Kuhusu sheria, Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Jambo hili linafaa kuelezwa kwa maneno mepesi, lakini lisiwe mwanzo wa somo. Mtoto aanze kwanza na benchi, kisha aifikie Katiba.

Liko pia jaribio moja ambalo walimu wengi huliona kuwa na manufaa. Mwaka 1969 mtaalamu wa saikolojia Philip Zimbardo aliacha gari moja mtaani Bronx, katika jiji la New York, na jingine Palo Alto, California, yote yakiwa hayana namba. Lile la Bronx lilianza kuporwa siku ile ile. Lile la Palo Alto lilikaa zaidi ya juma moja bila kuguswa, mpaka yeye mwenyewe alipolipiga kwa nyundo. Ndipo watu wengine nao wakajiunga kulivunja. Jaribio la magari mawili halitoshi kuthibitisha kanuni kwa wanadamu wote. Hata hivyo, linakubaliana na waliyoyaona wahenga wetu waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bati moja likikosekana kwa muda mrefu, anayeng'oa la pili haoni kwamba ameharibu kitu kizima.

ANDALIO LA SOMO

Somo hili limekusudiwa Darasa la Tano, nalo litachukua vipindi vitatu vya dakika 40.

Madhumuni: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze kueleza ni nani hasa anayeumia sehemu fulani ya kibanda inapoharibika, na ashiriki katika tendo moja la kutunza kitu kinachotumiwa na wote.

Zana: Daftari, penseli, kamba yenye alama za mita, na kibanda chenyewe.

Kipindi cha kwanza: Kutazama. Mwalimu aombe kwanza ruhusa ya mwalimu mkuu, na yeye mwenyewe akikague kituo siku moja kabla. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu watano au sita, wasimame mbali na ukingo wa barabara, wala wasiwahoji abiria bila idhini. Kila kikundi kichore jedwali lenye safu tatu: kitu, hali yake, na kazi yake. Wataandika, kwa mfano, paa, benchi, nguzo, kibao cha jina na taa. Kikundi kimoja kipime benchi. Ikiwa benchi lina urefu wa mita 3, na kila mtu anahitaji nusu mita, watakaa watu 6. Ikiwa ubao umevunjika na kubaki mita 1 na nusu, watakaa watu 3. Hao watatu wengine watasimama. Hesabu hii fupi hufundisha kuliko maonyo mengi, kwa maana mtoto anaiona kwa macho yake.

Kipindi cha pili: Kumtafuta anayeumia. Darasani, mwalimu aongeze safu ya nne katika jedwali: "Nani anaumia?" Asitoe majibu upesi. Awaongoze kwa maswali. Bati likiondoka, jua la adhuhuri linampata nani? Hapo watoto watataja mama mjamzito, mzee na mgonjwa atokaye hospitali. Mwalimu awakumbushe pia mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na ambaye kivuli kwake ni ulinzi dhidi ya saratani ya ngozi. Mvua za masika zikinyesha kati ya Machi na Mei, madaftari ya nani yanalowa? Taa ikivunjwa, mama anayerudi kazini usiku anasimama wapi? Kibao cha jina kikifunikwa kwa matangazo, mgeni atajuaje mahali pa kushukia? Na watu wanapokimbilia kivuli cha duka lililo mbali, kisha wakatoka mbio daladala inapofika, ni hatari gani inayowakabili barabarani?

Kipindi cha tatu: Kuigiza na kutenda. Wanafunzi waigize kituo cha basi kwa kutumia madawati. Mmoja awe mzee, mwingine kondakta, mwingine mwanafunzi aliyekataliwa, na mwingine kijana anayevunja benchi. Baada ya dakika chache wabadilishane nafasi: aliyekuwa kijana mvunjaji sasa awe mzee anayetafuta mahali pa kuketi. Mabadilishano haya ndiyo kiini cha mchezo. Mwalimu asiyaache kwa kukosa muda. Baada ya hapo darasa liamue tendo moja. Linaweza kufagia kituo, au kuandika barua rasmi kwa serikali ya mtaa kueleza sehemu zilizoharibika, au kuandika kuhusu wanafunzi wanaoachwa vituoni. Barua hiyo itakuwa pia zoezi la kweli la Kiswahili. Kazi za umeme na za kupanda juu ya paa zisifanywe na watoto kamwe.

MAMBO YA KUEPUKA

Mwalimu asiligeuze somo kuwa baraza la mashtaka. Mtoto akitaja jina la mwenzake aliyechonga benchi, aambiwe kwamba leo tunatafuta anayeumia. Aidha, malalamiko ya watoto juu ya makondakta yasipuuzwe. Mtoto aambiwe waziwazi kwamba kukataliwa ni kosa alilotendewa, lakini benchi halikumkataa, tena kesho atalikalia mwenzake aliyekataliwa kama yeye.

Zaidi ya hayo, mwalimu atazame darasa lake mwenyewe. Dawati ndiyo mali ya umma ya kwanza anayokabidhiwa mtoto. Ikiwa dawati lililovunjika linakaa pembeni muhula mzima, na mwalimu hulipita kila asubuhi bila kusema neno, basi naye anafundisha, na wanafunzi wanajifunza.

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya kijijini asidhani kwamba somo hili halimhusu. Pasipo na kibanda cha abiria pana bomba la maji, kisima, zahanati au daraja. Njia ni ile ile: tazama, pima, tafuta anayeumia, badilishaneni nafasi, tendeni.

KUPIMA MATOKEO

Somo hili halipimwi kwa maswali ya ndiyo au siyo. Baada ya majuma matatu mwalimu akague madawati, apite kituoni jioni, na asikilize wanavyosema watoto. Yule mtoto wa bikari nilimwona tena baada ya mwanachuo wetu kulirudia somo kwa njia hii. Jina lake lilikuwa bado liko kwenye ubao, limechongwa hadi herufi ya nne. Alikuwa amesimama, na mahali pake ameketi bibi mmoja mwenye kikapu. Kondakta alikuwa amemkataa tena siku hiyo. Kuhusu tatizo hilo la pili barua ya darasa ilikwisha kupelekwa, nasi walimu tunao wajibu wa kuifuatilia mpaka ijibiwe.

ZOEZI KWA WANACHUO

1. Chagua kitu kimoja cha umma kilicho karibu na chuo chako, uchore jedwali lenye safu nne kama ilivyoelezwa hapo juu.

2. Andika maswali matano ya kumwongoza mwanafunzi amtambue anayeumia, bila wewe kumtaja.

3. Jadilianeni: mwalimu afanye nini ikiwa mtoto aliyeharibu mali ya umma naye ametendewa isivyo haki?