Namna ya Kufuatilia Asili ya Jina la Ukoo la Kiingereza

Wengi wanaotafuta asili ya jina la ukoo la Kiingereza huanzia pasipofaa: hununua nembo ya ukoo ya kutundika ukutani, wakaamini wameshaupata ukoo. Jina huweza kukuonyesha kijiji lilikoanzia, lakini ukoo hujulikana kwa kufuata watu na kumbukumbu zao. Tuchukue mfano wa Washington.

Jina lilikotoka

Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Waanglo-Saksoni waliokuwa wenyeji wake kwa kawaida walitumia jina moja tu, nalo halikurithiwa. Majina ya ukoo yalianza kwa mabwana wa Kinormani, yakawafikia watu wa kawaida polepole katika karne zilizofuata. Hata hivyo, mengi yaliundwa kwa maneno ya Waanglo-Saksoni wenyewe. Yako ya kazi, kama Smith, yaani mhunzi. Ya baba, kama Johnson, mwana wa John. Ya sifa, kama Short, mfupi. Na ya mahali.

Washington ni jina la mahali: makazi ya mtu aitwaye Hwæsa na watu wake, zamani kijiji cha kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 12, William de Hertburn alipata milki hapo, akaitwa William de Wessyngton. Uzao wake uliendelea na jina hilo hata ulipohama. Mwaka 1539 Lawrence Washington alinunua milki ya Sulgrave, Northamptonshire. Mwaka 1656 John Washington aliingia Virginia, na kitukuu chake, George, akawa rais wa kwanza wa Marekani.

Hatua za kufuata

1. *Anza na walio hai.* Waulize wazee, kusanya vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo, kisha rudi nyuma kizazi kimoja baada ya kingine. Usiruke kizazi ili umfikie mtu mashuhuri.

2. *Tafuta kumbukumbu za serikali.* England na Wales zilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Sensa huonyesha majina ya wakazi kwa upana kuanzia mwaka 1841, na hufungwa kwa miaka 100 kabla ya kuwekwa wazi. Ya mwaka 1931 usiihangaikie, kwani iliteketea kwa moto mwaka 1942.

3. *Ingia kwenye rejesta za parokia.* Mwaka 1538 makanisa ya England yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Tovuti ya FamilySearch ina kumbukumbu nyingi za aina hii bila malipo.

4. *Tafuta kwa tahajia zote.* Makarani waliandika jina kama walivyolisikia. Anayetafuta Washington peke yake atampita Wessyngton bila kumtambua.

5. *Hakikisha ni kijiji kipi.* Kiko kijiji kingine kiitwacho Washington huko West Sussex, kusini kabisa. Familia mbili zinaweza kulipata jina lilelile bila undugu wowote.

Mambo ya kujihadhari nayo

Katika utaratibu wa Uingereza, nembo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake halali. Hakuna nembo ya kila mwenye jina fulani, hata muuzaji akisema hivyo.

La pili ni zito zaidi. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, takriban watu 90 kati ya kila 100 wenye jina la Washington walikuwa Weusi. Watu wengi waliotoka utumwani walijichagulia majina ya ukoo. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia na baadaye kuongoza chuo cha Tuskegee, alijipa jina hilo shuleni alipoulizwa na mwalimu. Mtafiti anayemwunganisha na William wa karne ya 12 kwa jina tu anaufuta ukoo wake halisi, pamoja na mama aliyemzaa na kumlea.

Kwa hiyo, kila unapoandika kwamba fulani ni mtoto wa fulani, taja kando yake hati inayothibitisha. Pasipo na hati, acha nafasi wazi; wajukuu wako wataijaza wakiipata. Na anza wiki hii kwa kuwahoji wazee wako, kwa sababu vyeti vitasubiri, wazee hawatasubiri.