Kivungulio Kikifungwa Baada ya Kupiga Dawa

Mkulima wa nyanya viungani mwa Kitale hupiga dawa jioni jua likishapoa, kisha huteremsha mapazia ya kivungulio ili baridi ya usiku isidhuru mimea. Asubuhi kibarua huingia kufunga kamba na kupogoa. Hakuchanganya dawa wala hakubeba bomba, na hajavaa chochote cha kumkinga. Hata hivyo, yeye ndiye anayevuta hewa iliyofungiwa humo usiku kucha.

Kwenye shamba la wazi, upepo hutawanya matone madogo na mvuke wa dawa. Ndani ya plastiki, vitu hivyo havina pa kwenda. Jua likiwaka, joto hufanya baadhi ya dawa zilizokauka kwenye majani zitoe mvuke tena. Na tangu nondo wa Tuta absoluta aripotiwe nchini mwaka wa 2014, wakulima wengi wa nyanya wamekuwa wakishika bomba mara kwa mara.

Lebo za dawa zilizosajiliwa na bodi ya PCPB hutaja siku za kungoja kabla ya kuvuna. Hizo wakulima wengi wanazijua, kwa kuwa zinamlinda mlaji. Muda wa kungoja kabla ya mtu kuingia tena shambani ni hesabu nyingine kabisa, nao ndio unaomlinda mfanyakazi. Usomeni kabla ya kununua dawa, si baada ya kupiga. Kanuni za Marekani, kwa dawa zinazopulizwa kama ukungu ndani ya kivungulio, hudai saa 4 za kupitisha hewa madirisha yakiwa wazi, au saa 24 kikiwa kimefungwa. Lebo ikitaja muda mrefu zaidi, lebo ndiyo ifuatwe.

Barakoa za kitambaa, na zile zilizobaki nyumbani tangu wakati wa korona, hazizuii mvuke. Anayepiga dawa anahitaji barakoa yenye vichungi vya kaboni, pamoja na glavu, ovaroli na gambuti, kwani dawa hupenya ngozini pia. Bei yake si ndogo, lakini kufungua mapazia hakugharimu chochote.

Kuna jambo moja linaloweza kuwapotosha hata wahudumu wa afya. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, jasho na uchovu hufanana na malaria, ugonjwa uliozoeleka Bungoma. Dawa za kundi la oganofosfati huongeza mate mengi, macho kutoona vizuri na mboni kuwa ndogo sana. Mtu akipata dalili hizi baada ya kazi ya kivungulio, atolewe nje kwenye hewa safi, avuliwe nguo zilizochafuka na aoshwe kwa maji na sabuni. Maziwa hayaondoi sumu iliyovutwa. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa au lebo ya dawa, na daktari aambiwe waziwazi alikuwa wapi: sumu ya oganofosfati hutibiwa kwa atropini, si kwa tembe za malaria.