Jinsi ya Kuzuia Tishu ya Valvu ya Moyo Isigeuke Chokaa

Kazi huanzia machinjioni. Utando unaozunguka moyo wa ng'ombe, ule unaoshonwa kuwa valvu, utumbukize kwenye maji ya chumvi yenye barafu mara tu unapotolewa. Ukifika maabara, ondoa mafuta taratibu kwa mkono, wala usiuache ukauke.

Kisha glutaraldehaidi. Tangu Alain Carpentier alipoitumia kwenye valvu mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1960, ndiyo inayofunga nyuzi za kolajeni na kupunguza uwezekano wa mwili kuikataa tishu. Wengi huanza na asilimia 0.6, wakamalizia na 0.2, kwa muda wa karibu wiki nzima. Tumia bafa ya HEPES badala ya fosfeti: fosfeti ikikutana na kalsiamu hujenga chokaa, kwa nini uiingize mwenyewe?

Hapa ndipo balaa linapoanza. Seli hai husukuma kalsiamu nje. Seli iliyouawa na glutaraldehaidi haiwezi tena. Kalsiamu inaingia, inakutana na fosfeti ya mafuta ya utando wa seli, na chembe ngumu zinaanza kujijenga. Ncha za aldehaidi zilizobaki wazi nazo huchangia.

Kwa hiyo mafuta hayo lazima yatoke. Loweka tishu kwenye ethanoli ya asilimia 80, saa 24 au zaidi. Usibanie ethanoli: chini ya asilimia 50 kinga ni hafifu. Hatua hii huondoa fosfolipidi na kolesteroli, tena hubadilisha umbo la kolajeni. Baadaye ziba ncha za aldehaidi kwa asidi amino kama glisini, suuza, na usiirudishe tishu kwenye glutaraldehaidi tupu, maana utaongeza ncha nyingine zilizo wazi. Gliseroli ni hifadhi nzuri zaidi.

Usiruke kipimo. Weka vipande chini ya ngozi ya panya wachanga wa wiki 3, pamoja na vipande visivyotibiwa, uvitoe baada ya siku 21. Kisichotibiwa utakisikia kigumu kwenye koleo. Rangi ya alizarini itakionyesha chekundu. Panya wachanga ndio mtihani halisi, kwa kuwa kalsiamu hushika haraka zaidi kwenye mwili mchanga, na Afrika Mashariki wengi wanaoharibikiwa valvu kwa homa ya baridi yabisi ni vijana. Binti anayetaka kuzaa hupewa valvu ya tishu ili aepuke kumeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Tafadhali, kipande ambacho hakijafaulu kipimo hiki kisisogezwe hatua inayofuata.