Mwenda Pole Hajikwai: Taichi kwa Afya ya Mwili na Utulivu wa Nafsi

Katika vihamba vya Kibosho, Machame na Marangu, maisha ni ya kupanda na kuteremka. Mzee anayekwenda kukata majani ya ng'ombe huvuka mfongo, hupita chini ya migomba kwenye udongo wenye unyevu, kisha hurudi na mzigo kichwani. Wakati wa masika njia hiyo hiyo huwa na utelezi. Kijana akianguka hupangusa matope na kuendelea na safari. Mzee akianguka aweza kuvunjika nyonga, na kuvunjika nyonga uzeeni mara nyingi huwa mwanzo wa kulala kitandani, vidonda vya mgandamizo, nimonia na kuwategemea wengine kwa kila jambo. Hata asipovunjika, hubaki na hofu. Anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea, misuli isiyotumika hudhoofika, na udhaifu huo humsogeza karibu na anguko jingine. Somo hili laeleza zoezi linaloweza kuukata mzunguko huo, nalo ni taichi.

Taichi ni nini?

Taichi ni mfuatano wa miondoko ya polepole isiyokatika, inayoongozwa na pumzi na umakini wa akili. Asili yake ni Uchina, ambako ukoo wa Chen wa kijiji cha Chenjiagou, jimboni Henan, unahusishwa na kuiendeleza katika karne ya 17 kama sanaa ya kujihami. Mwaka 1956 ilitungwa namna fupi yenye miondoko 24 ili watu wengi waweze kujifunza, na mwaka 2020 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Namna inavyofanya kazi

Mwili husimama imara kwa kupokea habari kutoka mahali patatu: macho, sikio la ndani, na mishipa ya fahamu ya nyayo na viungo. Umri unapoongezeka, vyote vitatu hufifia, na misuli ya mapaja na ndama hupungua nguvu. Taichi huvizoeza pamoja. Kiini chake ni kutofautisha mguu mtupu na mguu uliojaa: mguu hutangulizwa chini ukiwa hauna uzito, kisha uzito huhamishiwa juu yake kidogo kidogo. Ndivyo afanyavyo mtu mwenye busara avukapo mahali penye utelezi. Hupima ardhi kwanza, ndipo akajikabidhi kwayo.

Waongozaji wa wapanda mlima Kilimanjaro huwahimiza wageni waende pole pole ili miili izoee hewa nyembamba. Katika taichi upole una kazi nyingine. Mtu aendaye haraka hufichiwa udhaifu wake na kasi yake. Aendaye polepole hulazimika kuubeba mwili wote kwa mguu mmoja, na hapo ndipo misuli hujifunza.

Ushahidi upo. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani, uliochapishwa mwaka 1996, ulioshirikisha watu 200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliojifunza taichi kwa wiki 15 walipunguziwa hatari ya kuanguka mara kwa mara kwa asilimia 47.5. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2012, uliwahusu wagonjwa 195 wa Parkinson. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walisimama imara kuliko waliofanya mazoezi ya nguvu au ya kunyoosha viungo. Jambo hili lawahusu watu wa Kilimanjaro. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta watu 33 wenye ugonjwa huo miongoni mwa wakazi wapatao 161,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Kutetemeka na kukakamaa kusidhaniwe kuwa uzee tu.

Utulivu wa nafsi

Pumzi ndefu ya tumboni hupunguza mapigo ya moyo na kulegeza misuli iliyokaza. Akili inayofuata mwendo wa mkono na unyayo hupata pumziko kutoka katika mashaka ya kila siku. Falsafa ya taichi ilitokana na fikra za Kichina, lakini zoezi lenyewe hufundishwa katika hospitali nyingi bila kumtaka mtu imani yoyote. Mkristo au Mwislamu aweza kuujaza ukimya ule kwa sala au dhikri yake.

Hatua za mwanzo

Mahali pawe tambarare na pakavu, karibu na ukuta au kiti kizito.

1. Kusimama. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, utosi uelekee juu. Pumzi iingie kwa pua hadi tumboni kwa dakika tatu.

2. Kuinua mikono. Mikono ipande hadi usawa wa mabega pumzi ikiingia, ishuke pumzi ikitoka.

3. Kuhamisha uzito. Mwili uelekezwe mguu wa kulia mpaka kisigino cha kushoto kiweze kuinuka bila kiwiliwili kuyumba. Kisha upande wa pili.

4. Hatua tupu. Kisigino kitangulie chini bila uzito, unyayo ufuate, ndipo mguu ujazwe. Goti lisipite vidole wala lisiingie ndani.

Dakika kumi kila siku zatosha kuanzia. Manufaa huonekana baada ya wiki nyingi, si siku chache.

Tahadhari

Aliyevunjika mfupa karibuni, anayepatwa na kizunguzungu au maumivu ya kifua, amwone daktari kabla ya kuanza. Fiziotherapia nayo hutoa mwongozo mzuri. Dawa za shinikizo la damu, kisukari au Parkinson zisiachwe. Tena, taichi haiondoi mtoto wa jicho wala haiwashi taa njiani: macho yapimwe, fimbo ishikwe, na ngazi za udongo zitengenezwe kabla ya masika.

Vijana wa nyumbani wanaweza kusimama pamoja na bibi au babu uani asubuhi, wakiwa karibu kumshika akiyumba. Mzee anayeendelea kutembea mwenyewe mpaka shambani, kanisani au msikitini huhifadhi nguvu za miguu yake na pia nafasi yake kati ya watu.