Chura wa Kihansi

Somo letu mara hii lahusu kiumbe mdogo kuliko kidole gumba.

Katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, maporomoko yalirusha manyunyu usiku na mchana. Mwaka 1996 wataalamu walikuta hapo vyura wadogo wenye rangi ya dhahabu, wasiopatikana penginepo duniani. Tena chura huyu hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai!

Lakini wakati huo bwawa la umeme lilikuwa likijengwa juu ya maporomoko. Lilipoanza kazi, maji mengi yaligeuzwa njia, na manyunyu yakapungua mno. Tusiwe wepesi wa kulaumu, maana umeme huo twautaka sote. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx, New York, ili mbegu isipotee. Huko nako walikufa wengi, mpaka watunzaji walipojifunza mwanga na chakula kinachowafaa.

Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura waliobaki wakaongezeka. Kumbe maji peke yake hayakutosha. Mwaka 2003 walikufa kwa ghafula, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaonekana kwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayuko tena.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kutoka Marekani, wakatunzwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 vyura wapatao 2,500 waliachiliwa korongoni, kwenye manyunyu ya mabomba yale.